Fedha Iliyopanda Mto: Safari kwa Masonara wa Guizhou

China wanayoijua watu wetu wengi ni ya Guangzhou na Yiwu: maghala, vipimo vya kontena, mkalimani wa kukodi, na mtaa wa Xiaobei ambako ukipita jioni hukosi kusikia Kiswahili kikibishania bei ya mzigo. Mimi safari hii nilishika njia isiyo na muagiza kontena hata mmoja. Nilipanda treni ya mwendo kasi kutoka Guangzhou kuelekea kaskazini-magharibi. Baada ya saa chache tambarare ilikwisha. Treni ikawa inaingia handaki hili na kutokea lile, na kila ilipotoka niliona milima imezidi kubanana, mashamba ya mpunga yamepandishwa ngazi kwa ngazi hadi yakapotelea kwenye ukungu. Huo ndio mkoa wa Guizhou.

Wachina wana msemo wa zamani kuhusu mkoa huu. Wanasema huko hazipiti siku tatu mfululizo bila mvua, ardhi tambarare hata ya mwendo mfupi haipatikani, wala hakuna mtu mwenye chembe tatu za fedha mfukoni. Mvua niliikuta, milima niliiona. Hilo la tatu ndilo lililonipeleka. Katika mkoa huo huo unaotaniwa kwa ukata, wanawake wa kabila la Wamiao hutoka siku ya sikukuu wamevaa madini ya fedha tangu utosini hadi kiunoni: taji, pembe, vidani, bangili, na koti lililoshonewa mabamba na njuga. Vazi kamili la binti mmoja linaweza kuzidi kilo 10. Nilitaka kujua fedha hiyo ilitoka wapi, nani anaifua, na kwa nini kazi ya mkono ya namna hii haijafa katika nchi inayotengeneza karibu kila kitu kwa mashine.

Guiyang, mji mkuu wa mkoa, nilipita tu. Nikabadili treni hadi Kaili, makao makuu ya jimbo la Qiandongnan, ambalo rasmi ni jimbo la Wamiao na Wadong. Kwa sensa ya mwaka 2020 Wamiao wa China ni zaidi ya milioni 11. Ndugu zao wanaojulikana kama Wahmong wametapakaa Vietnam, Laos na Thailand, na baada ya vita vya Indochina wengi walihamia Marekani. Lakini kwa mambo ya fedha, kitovu ni hapa Qiandongnan, hasa wilaya za Leishan na Taijiang.

Kaili ni mji wa maghorofa kama miji mingine ya China, ila kichwani mwa akina mama wa makamo bado utaona nywele zimefungwa juu kwa kitana cha fedha, na sokoni mtu anachagua nyanya mkono mmoja ukiwa na bangili nzito iliyosokotwa. Mchana wa kwanza nilikula samaki wa mchuzi mchachu, chakula cha fahari cha eneo hilo, uchachu wake ukitokana na nyanya na maji ya mchele yaliyovundikwa. Aliyekuwa akinitafsiria ni binti mwanafunzi wa chuo, mzaliwa wa Leishan, aliyejifunza Kimiao kwa bibi yake. Alinionya mapema: "Tutaanza na Xijiang, kwa sababu kila mgeni lazima apelekwe Xijiang. Kisha nitakupeleka kwenyewe."

Xijiang ni kijiji kikubwa chenye kaya zaidi ya elfu moja, nyumba za mbao za kusimama juu ya nguzo zikiwa zimeupanda mlima pande zote mbili za mto. Kinapendeza, hilo sitalikana. Mwaka 2008 serikali ya mkoa iliufanya mkutano wake wa kuendeleza utalii hapo, na tangu hapo kijiji hakikulala. Unaingia kwa tiketi. Ndani, barabara kuu ni maduka ya fedha kushoto na kulia, na kati ya maduka hayo kuna vibanda vya kukodisha mavazi. Wasichana kutoka Shanghai na Beijing wanavishwa taji, wanapakwa poda, wanapigwa picha kwenye daraja, wanarudisha taji.

Niliingia duka moja nikashika taji la namna hiyo. Lilikuwa jepesi kupita kiasi, na vipepeo wake walifanana kila mmoja, bawa kwa bawa, kwa sababu wamegongwa kwa mashine. Nikauliza kama ni fedha. Muuzaji akajibu bila kusita kwamba ni "fedha ya Kimiao". Mkalimani wangu alicheka chini chini, na tulipotoka akanieleza: kwa jina hilo madukani huuzwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, wenye fedha kidogo sana au usio nayo kabisa. Fedha halisi hutajwa kwa namba yake, 990 au 925, yaani sehemu ngapi katika elfu moja ni fedha safi, na bei yake hupigwa kwa gramu.

Sina ugomvi na Xijiang. Watu wanakula kwa kazi hiyo, na katika maduka machache nyuma ya barabara kuu nilikuta mafundi wa kweli wameinamia fuawe. Nilipowauliza kwao ni wapi, walitaja vijiji vilevile vya jirani: Kongbai, Maliao, Wugao. Hivyo ndivyo vijiji vya masonara wa Leishan. Mwaka 2006 ufundi wa kufua fedha wa Wamiao uliingizwa katika orodha ya kwanza ya kitaifa ya urithi wa utamaduni wa China, na wilaya hii ya Leishan ilitajwa ndani yake kwa sababu ya watu wa milima hii.

Tukapanda Kongbai. Barabara inazunguka mlima hadi nyumba za mbao zinajitokeza zimeshikilia mteremko, mahindi makavu yamening'inizwa chini ya mapaa. Milango mingi ilikuwa imefungwa. Mafundi wengi wamehamia Kaili, Xijiang na miji ya mbali zaidi, wakifuata wateja, hurudi sikukuu. Kuhama huku lakini si jambo geni kwao. Zamani, kila mavuno ya mpunga yalipokwisha, wanaume wa Kongbai walitundika vifaa kwenye mti wa begani, mzigo mbele na mzigo nyuma, wakatoka kwenda bonde hili na lile. Fundi alikaa nyumbani kwa mteja, akala chakula cha mteja, akafua fedha ya mteja mbele ya macho ya mteja, kisha akahamia nyumba ya pili. Msimu wa kupanda ulipokaribia alirudi shambani kwake. Kila ukoo ulikuwa na njia yake, na baba alimrithisha mwana njia pamoja na nyundo.

Tulimkuta mzee mmoja yuko kazini. Wachina humwita fundi wa namna hii shifu, nami nikamwamkia hivyo kwa heshima, akanisogezea kigoda kifupi bila kuuliza nimetoka wapi. Karakana yake ni chumba cha chini cha nyumba. Kuna tanuri dogo la mkaa, mvukuto wa sanduku la mbao unaosukumwa na kuvutwa kwa mpini, fuawe iliyochomekwa kwenye gogo, safu ya nyundo, tindo nyembamba zisizohesabika, na bamba la chuma lenye matundu ya ukubwa tofauti.

Alianza na vipande vya fedha chakavu ndani ya chungu kidogo cha kuyeyushia. Fedha safi huyeyuka ikifika nyuzijoto 961 hivi za selsiasi. Mzee hakuwa na kipimo. Alitazama rangi ya moto na namna uso wa madini ulivyoanza kung'aa na kutetemeka, kisha akamimina kwenye kalibu ya chuma yenye mfereji. Ikatoka fimbo nyeupe. Hapo nyundo ikaanza. Kila baada ya muda aliirudisha fimbo motoni, kwa kuwa fedha inayofuliwa hukakamaa, na ukiilazimisha hupasuka. Nilimuuliza anajuaje kwamba imefika wakati. "Sikiliza," alisema, akapiga mara mbili. "Sauti ikiwa kali, imechoka. Irudishe motoni ipumzike."

Fimbo ilipokuwa nyembamba aliipitisha kwenye tundu la bamba, akaivuta kwa koleo, akaipitisha tundu dogo zaidi, akavuta tena, na tena, hadi ikawa uzi. Nyuzi za namna hiyo husokotwa mbili mbili, zikabanwa bapa, kisha hukunjwa kwa kibano kuwa mikunjo ya jimbi changa, macho ya samaki, petali za ua. Vipande hivyo hupangwa juu ya bamba, hupakwa boraksi, hunyunyiziwa lehemu ya fedha, halafu moto huelekezwa hapo kwa uangalifu mkubwa. Wazee walitumia taa ya mafuta na mrija, wakipuliza kwa mdomo ili ulimi wa moto upige pale tu wanapotaka. Siku hizi kuna bomba la gesi, lakini tahadhari ni ileile: moto ukizidi kidogo, uzi wa fedha huyeyuka pamoja na lehemu na kazi ya kutwa inakuwa tone.

Kwa vitu vya bamba, kama taji na mabamba ya koti, njia ni nyingine. Bamba jembamba la fedha hulazwa juu ya kalibu iliyochongwa picha, hupigwa juu yake kipande cha risasi ambacho kwa ulaini wake huisukuma fedha iingie kila shimo. Picha ikishajitokeza, bamba hulazwa juu ya utomvu mgumu wa msonobari, na fundi huanza kuandika mistari midogo kwa tindo: mishipa ya bawa, magamba ya joka, manyoya ya ndege. Hapa ndipo fundi mmoja anapotofautiana na mwingine. Kalibu yaweza kuazimwa, mkono hauazimwi.

Tukiwa bado hapo aliingia mama mmoja kutoka bonde la pili na binti yake wa miaka kama 15. Alikuwa na furushi la kitambaa cheusi. Ndani yake mlikuwa na kidani, bangili na pini za nywele, vyote vimefifia kwa kukaa sandukuni. Kazi ya kwanza ilikuwa kuviosha. Mzee alivipaka maji ya boraksi, akavipitisha kwenye moto wa mkaa hadi weusi ukaungua, akavitia katika sufuria ya shaba yenye maji ya shabu yanayochemka, kisha akavisugua kwa brashi ya nyuzi za shaba ndani ya maji safi. Vilitoka vyeupe vya kuumiza macho.

Kazi ya pili ilikuwa oda. Binti alihitaji taji, nalo halikamiliki kwa mwaka mmoja. Mama alikuwa ameshanunua nusu ya vipande na leo alileta fedha ya kuongeza. Mzee alimwonyesha kipepeo aliyekuwa amemmaliza asubuhi. Nilimwona ni mzuri asiye na dosari. Mama alimshika, akamgeuza, akamrudisha mezani. Mkalimani akanitafsiria ubishi uliofuata. Mama alisema pembe za kipepeo huyu zimenyooka kama za watu wa Xijiang, na kwao hukunjwa. Na tumbo lake liwe nene, kwa sababu ana mayai. Akafunua pindo la koti lake lililotariziwa akamwonyesha: hivi. Mzee alilitazama tarizi hilo kwa muda, akachukua mkaa akachora juu ya ubao, mama akarekebisha, wakaelewana.

Katika safari yote hilo ndilo jambo kubwa nililoliona. Nilikuja nikidhani fundi ndiye mwenye ufundi na mteja ni mwenye mfuko. Kumbe nakshi nyingi za fedha zimetoka kwenye tarizi, na tarizi ni kazi ya wanawake. Mwanamume anashika nyundo, lakini anayejua kipepeo anatakiwa aweje ni mama, aliyeshona umbo hilohilo tangu utotoni. Fundi mzururaji aliyeingia bonde geni bila kujifunza ladha ya wanawake wa bonde hilo alirudi na fedha yake haijaguswa. Ndiyo maana Leishan wana pembe zao kubwa za fedha, zimepanuka juu ya kichwa kufuata pembe za nyati wa maji, majoka mawili yamechorwa yakigombea lulu, ilhali Shidong, mwendo mfupi kaskazini, wanapendelea utepe wa paji la uso wenye safu ya farasi na wapanda farasi.

Na tumbo la kipepeo lina sababu yake. Wamiao wa eneo hili hawakuwa na maandishi yao. Habari za asili yao zimehifadhiwa katika nyimbo ndefu za kale, ambazo nazo ziliorodheshwa kitaifa mwaka 2006. Ndani ya nyimbo hizo ulimwengu wa viumbe unaanza na mti mkubwa, ule wenye majani yanayogeuka mekundu ambao Wachina huuita fengxiang. Mti ulikatwa, na moyoni mwake akatoka Mama Kipepeo. Akaolewa na povu la maji, akataga mayai 12. Ndege akayaatamia. Yalipoanguliwa akatoka Jiang Yang, babu wa wanadamu, na ndugu zake: joka, nyati wa maji, chui milia, nyoka, tembo, na mungu wa radi. Kwa hadithi hiyo mwanadamu na mnyama wa porini ni watoto wa tumbo moja, na wote ni wajukuu wa mti. Hadi leo mti huo hauguswi ovyo vijijini.

Ukishajua hivyo, vazi la fedha husomeka. Kipepeo kifuani ni bibi. Ndege juu ya taji ni yule mwatamiaji. Samaki ni dua ya uzazi, kwa wingi wa mayai yake. Hata joka lao si lile la mfalme wa Beijing lenye makucha matano na hasira. Ni joka la mashambani, mara lina kichwa cha nyati, mara mwili wa tandu, mara mkia wa samaki, kwa kuwa ni ndugu wa hao wote. Zaidi ya hayo, fedha inaaminiwa hukinga dhidi ya pepo wabaya, na mlio wa njuga huwatawanya. Mtoto mchanga huvishwa kofia yenye vipande vya fedha kabla hajajua jina lake.

Lilibaki swali langu la mwanzo: fedha yenyewe ilitoka wapi, na Guizhou haina sifa ya migodi yake? Jibu liko mtoni. Mto Qingshui unatoka milima hii, unaelekea mashariki hadi unaingia mfumo wa mto Yangtze. Kandokando yake inaota miti mirefu iliyonyooka, ya mbao nyepesi isiyoliwa ovyo na mchwa, inayofaa nguzo za majumba na milingoti ya meli. Tangu enzi ya Ming, na zaidi katika enzi ya Qing baada ya majeshi ya mfalme kuliteka eneo hili miaka ya 1720 na 1730, wafanyabiashara kutoka Huizhou, Jiangxi na Shaanxi walipanda mto hadi bandari za mbao za Jinping: Maoping, Wangzhai na Guazhi. Wamiao na Wadong walipanda miti, wakaikata, wakaifunga mafungu, wakaielekeza majini. Maelfu kwa maelfu ya hati zao za mikataba ya misitu zimehifadhika mpaka leo.

Malipo yalikuwa fedha. Na fedha ya China wakati huo ilikuwa na safari yake ndefu. Mwaka 1581 waziri mkuu Zhang Juzheng alieneza nchi nzima utaratibu wa kodi kulipwa kwa fedha, na China ikawa na kiu isiyozimika. Iliyoituliza kwa sehemu kubwa ni migodi ya Wahispania huko Amerika: Potosí, iliyo Bolivia ya leo, na Mexico. Merikebu ziliileta Manila, wachuuzi wakaivusha hadi pwani ya China, nayo ikapanda mto baada ya mto mpaka mikononi mwa mkata miti wa Guizhou, ambaye aliipeleka kwa fundi ikayeyushwa.

Hapo ndipo nilipowaelewa Wamiao. Walikuwa wanaishi na kodi za mfalme, askari wa mfalme na maasi ya mara kwa mara. Kubwa kuliko yote lilidumu tangu 1854 hadi 1873. Mtu wa hali hiyo hana ghala la kuaminika. Ila fedha iliyoshonwa kwenye koti la binti yake anaweza kukimbia nayo usiku mmoja. Kwa hiyo walikata mti wakapata sarafu, wakayeyusha sarafu wakapata kipepeo, yule yule aliyetoka moyoni mwa mti. Mwezi Novemba mwaka 1935 serikali ya China iliiondoa fedha katika mfumo wa malipo ikaleta noti. Sarafu zikakusanywa. Vipepeo wakabaki masandukuni.

Nilimalizia safari Shidong, mji mdogo kando ya Qingshui, siku za sikukuu ya Chakula cha Dada, ambayo kilele chake ni tarehe 15 ya mwezi wa tatu wa kalenda ya mwezi ya Kichina, mara nyingi Aprili. Wasichana hupika wali wa kunata uliotiwa rangi kwa mimea, wakawapa vijana waliokuja kuwaposa. Ndani ya wali huwekwa ishara. Kijana akikuta jozi ya vijiti vya kulia, mambo yamekubalika. Akikuta pilipili au kitunguu saumu, aende zake.

Asubuhi akina mama walikuwa vibarazani wakiwavalisha binti zao, kazi ya saa nzima na zaidi. Koti la kitambaa kilichotiwa nili na kupigwa kwa nyundo ya mbao hadi kikang'aa. Mabamba ya fedha yanashonwa juu yake, na yatafumuliwa tena kabla ya kufuliwa. Kidani juu ya kidani mpaka kidevu kinakosa pa kukaa. Kisha taji. Wachunguzi wa sanaa hii husema Wamiao hupima uzuri wa fedha kwa mambo matatu: ukubwa, uzito na wingi. Nilidhani ni kutia chumvi mpaka nilipoona binti akishikwa mkono na wawili ili ashuke ngazi.

Ngoma iliwekwa katikati ya uwanja kando ya mto. Wakaunda duara, mkubwa kwa mdogo, na hatua zao zilikuwa fupi na za taratibu kwa sababu ya uzito. Lakini kila hatua mamia ya njuga yalilia pamoja. Watalii walikuwepo na kamera zao, nami nikiwa mmojawapo. Ila hakuna aliyetugeukia. Macho ya wale wasichana yalikuwa kwa wenzao, na macho ya mama zao waliokaa pembeni yalikuwa yanakagua: taji la nani limeongezeka, bamba la nani ni la mashine. Nilimwona mama mmoja akinong'ona na jirani yake huku akinyoosha kidole kwenye pembe fulani, wakacheka. Mkalimani hakutaka kunitafsiria.

Hukumu ya akina mama wale ndiyo inayomfanya mzee wa Kongbai asiharakishe kazi. Orodha ya urithi ya mwaka 2006 imesaidia, na pesa za watalii zimesaidia, lakini mtalii hawezi kutofautisha pembe iliyonyooka na iliyokunjwa. Ananunua jepesi, la bei rahisi, na soko linamtengenezea jepesi. Ufundi umesimama pale ambapo bado kuna mnunuzi anayejua, na mnunuzi huyo ni jirani.

Nilimfikiria mnunuzi huyo nilipokumbuka pwani yetu. Sisi nasi tuliwahi kufanya kama wao. Karne ya 19 sarafu iliyotawala Zanzibar ilikuwa reale ya Maria Theresa, iliyoandikwa mwaka 1780 na kuendelea kugongwa kwa tarehe hiyohiyo, gramu 28 za madini yenye fedha sehemu 833 katika elfu. Ilikuja kwa pembe za ndovu na karafuu, na masonara wa Unguja, Lamu na Mombasa waliiyeyusha wakafua mitali, mafurungu, vikuku na vidani. Bibi zetu walivivaa. Leo vingi viko kwenye madirisha ya maduka ya vitu vya kale, vikisubiri mgeni, na bibi harusi akitaka pambo anataka dhahabu iliyotoka Dubai.

Mwenye kufika Guizhou na akaona cha kununua, nampa ushauri mfupi. Tafuta alama ya 990 au 925 nyuma ya pambo, na jina la "fedha ya Kimiao" lisikupumbaze. Uliza bei ya gramu peke yake na bei ya ufundi peke yake. Fundi wa kweli atakutajia zote mbili, na ya pili mara nyingi ndiyo kubwa. Omba kuona tanuri. Ukiweza, nenda nje ya Xijiang.

Na mwenye binti wa kuoza mwaka huu hapa kwetu, kabla hajaagiza Dubai, na apite kwa sonara wa Lamu au Unguja amwagizie jozi moja ya mafurungu ya fedha, akae naye wabishane juu ya nakshi, na amlipe ufundi wake bila kupunguza.